Njia Ndefu ya Kutoka Toronto

Kosa la Otilia lilikuwa moja tu, nalo alilifanya kanisani.

Ilikuwa baada ya misa ya Kiswahili, watu wako chini ukumbini wanakunywa chai, mtu akamuuliza kama ni kweli anasafiri. Akajibu ndiyo, anakwenda Halifax kwa pikipiki. Wakamuuliza nani amefariki. Akasema hakuna. Basi nani anaoa? Hakuna. Kuna mgonjwa? Hakuna mgonjwa. Meza nzima ikaweka vikombe chini, maana kwa watu wetu hakuna anayesafiri mbali bila msiba, harusi au mgonjwa, na mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayesema "nakwenda kutembea tu" lazima ana jambo analificha. Otilia aliona macho yanavyozunguka meza, akajua kabla ya Jumatatu Toronto nzima itakuwa inasema kuna bwana huko Halifax. Kwa kutaka kuwaziba midomo akasema, "Na nitapitia Montreal, kusalimia."

Hapo ndipo alipojimaliza. Ukishasema unapitia mahali, umekuwa posta. Chai haijapoa, tayari watu wawili wana mizigo ya Montreal, midogo tu, haina hata uzito, na kila mmoja anaahidi kuuleta mwenyewe nyumbani kwake Weston. Ndivyo desturi ilivyo, mwenye mzigo ndiye anayeuhangaikia. Lakini Otilia akasema neno lililowashangaza wote.

"Msijisumbue. Nitaipitia mwenyewe."

Walimsifu sana kwa moyo wake mwema. Haukuwa moyo mwema hata kidogo, na yeye alijua.

Sababu yenyewe ilikuwa barabara. Anayetaka kutoka Toronto kwenda mashariki huingia 401, na 401 si barabara ya mchezo. Kuna mahali ina njia nane za kwenda na nane nyingine za kurudi, na malori yake hayalali. Kwa miaka mingi Otilia alipokuwa akienda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, basi lake lilivuka daraja lililo juu ya barabara hiyo, naye alikuwa akikaa dirishani makusudi. Akirudi amechoka, miguu imevimba kwa kusimama na kuinua watu, aliangalia chini kuwatafuta wenye pikipiki. Hawakuwa wengi. Kila mmoja alikuwa peke yake, begi limefungwa nyuma, anaelekea anakojua mwenyewe, na hakuna anayemuuliza nani amefariki. Otilia aliwaonea wivu, wivu mtupu, na siku moja wivu ule ukamchosha, akaenda kujiandikisha kwenye mafunzo.

Kwao Mbinga alikuwa amepanda pikipiki mara nyingi, lakini kama abiria: ameketi upande, gauni limebanwa magotini, mzigo wa mtu mapajani. Usukani aliushika kwa mara ya kwanza Toronto, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa chuo fulani, na aliangusha ile pikipiki mara kadhaa mbele ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Aliinuka, akajifuta, akaendelea. Akapata leseni ya mwanzo, ile inayokukataza barabara kuu, na kipindi chote alichokuwa nayo alistarehe: anazunguka mitaani, anapita kando ya ziwa, na akiulizwa habari ya 401 anasema sheria hairuhusu. Kisha wakampa leseni ya hatua ya pili. Sheria ikaruhusu, na visingizio vikaisha.

Septemba ya mwaka jana alifunga begi, akaagana na binti yake, akaenda hadi kwenye mlango wa 401, akayaona malori, akageuza. Nyumbani alisema pikipiki ina hitilafu. Ukweli aliujua yeye peke yake. Sasa safari hii alikuwa ameshajiambia: chumba amekodi Kingston, mji ulio njiani, na usiku wa leo atalala humo. Akilala tena Toronto, pikipiki ataiuza na habari ya safari itakuwa imekwisha. Wala asingeweza kujidanganya kwamba hakuitaka, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukitaka namna ile.

Basi Jumamosi moja ya Juni, asubuhi na mapema, alikuwa chini ya ghorofa lao kando ya mto Humber anakaza mikanda ya begi. Pikipiki yake ilikuwa ya mkono wa pili, ya buluu iliyopauka, na aliipenda kiasi cha kuisalimia. Sara, binti yake wa miaka ishirini na tatu, alisimama pembeni na slipa miguuni, kikombe cha kahawa mkononi. Sara anasikia Kiswahili chote, hata cha kunong'ona, ila hujibu kwa Kiingereza, na hawajawahi kushindwa kuelewana.

"Kuna wali kwenye friji," Otilia akasema. "Na maharage yako kwenye mkebe wa aiskrimu. Usije ukafungua ukadhani ni aiskrimu."

Sara akamjibu kwa Kiingereza kwamba amekula maharage kutoka mikebe ya aiskrimu tangu azaliwe. Kisha akauliza anapita wapi, maana mlango wa 401 uko dakika chache tu kutoka pale walipo.

"Naanzia Mount Dennis kwa Mama Aurore, kuna mzigo. Halafu Finch kwa Hasan. Halafu Malvern, kumuaga baba yako wa ubatizo."

Sara akaichora ile njia kichwani: kusini, kisha kaskazini, kisha mji mzima kwa upana. Akamwangalia mama yake kwa muda. "Okay, Mom," akasema hatimaye, akamkumbatia kwa nguvu, paji lake likagonga helmeti, wote wawili wakasema aa. Otilia akawasha pikipiki akaondoka, anaelekea kusini, ilhali Halifax iko mashariki.

Mama Aurore alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani na hakuwa amelala, anamsubiri. Ni mwanamke wa Uvira, mnene, mchangamfu, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite mlangoni kwake bila kula. Otilia akala mikate ya kukaanga na chai ya maziwa, akala tena, ndipo akaonyeshwa mzigo.

"Ile kolis yenyewe ni kidogo tu, Mama Sara. Njo hii."

Ilikuwa sufuria. Si sufuria ya nyumbani, bali ile ya shughuli, inayopika wali wa watu sitini, na ndani yake kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, mafurushi manne, imezungushiwa magazeti na taulo. Mfuniko ulifungwa kwa kitenge kwa fundo lisilofunguka.

"Mama Aurore," Otilia akasema taratibu, "mimi nina pikipiki."

"Njo maana nimeweka mufuniko! Ungekuwa na gari, singefunga hata." Akashangaa kwamba jambo rahisi namna hiyo linahitaji kuelezwa. "Dada yangu anaoza binti yake kule Montréal, na sufuria ya hivi kule haiko. Alinililia kwa simu. Nikamwambia, tulia, Mungu ametuma mutu."

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Otilia mwenyewe alikuwa na jibu mdomoni, jibu zuri, la adabu. Lakini aliiangalia ile sufuria akapiga hesabu ya muda utakaotumika kuifunga juu ya begi, na moyo wake, badala ya kukasirika, ukapoa. Wakaifunga wote wawili kwa kamba za nailoni. Kisha Mama Aurore akaweka mkono juu ya tangi la mafuta akaomba. Aliombea breki, akaombea matairi ya mbele na ya nyuma, akaombea polisi wawe na huruma, akaombea wanyama wa porini wakae porini, akaombea hata sombe isiyeyuke. Maombi yalikuwa marefu na Otilia hakuyaonea haraka. Alisema amina kubwa kuliko zote.

Kutoka hapo akapanda na Jane kuelekea Finch, taa moja baada ya nyingine, sufuria inagonga kidogo kila akifunga breki. Asubuhi ilikuwa safi, jua halijawa kali, na upepo uliingia mikononi mwa koti lake. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomchanganya: alikuwa na furaha ya kweli, kila gia ikiingia ilimpendeza, na chini ya furaha hiyo alijiona mwongo.

Kwa Hasan hakukaa sana, ingawa alijaribu. Hasan ni kijana wa Tanga anayefanya hesabu kwenye kampuni moja huko mjini, mpole, mwenye heshima zake, na alishuka hadi chini na mkewe Sabika kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

Mzigo wao ulikuwa wa watu wastaarabu: kanzu ya kaka yake Hasan, imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, na boksi la halua. Viliingia kwenye sanduku la pembeni bila ugomvi. Sabika akamwekea sambusa mfukoni mwa koti. Hasan akaizunguka pikipiki, akaitazama sufuria, akaamua kutouliza.

"Basi mama, uko sawa. Ukishuka na Keele hapo, mlango wa 401 huu hapa. Jioni uko Kingston unakunywa chai."

"Inshallah," akasema Otilia Mkatoliki, maana neno lingine halikumjia.

Akashuka na Keele. Alitaka kabisa kuingia, msimdhanie vibaya. Alikaa njia ya kulia, akawasha indiketa, akaiona ile alama ya buluu na nyeupe na mshale wa mashariki. Mbele yake gari dogo likakata kona likaingia. Zamu yake. Upande wa chini, kati ya kuta za zege, malori yalikuwa yanapita mfululizo, na sauti yake ilimpanda miguuni kupitia chuma cha pikipiki. Mikono ikawa migumu. Akajiambia sufuria haijakazwa vizuri. Akajiambia afadhali aende kwanza kwa Mzee Tharcisse, ni aibu kusafiri bila kumuaga baba wa ubatizo wa mwanao. Kidole gumba kikazima indiketa, na pikipiki ikanyoosha mbele, ikavuka daraja, ikaacha mlango wa 401 nyuma. Dereva wa nyuma akapiga honi, na alikuwa na haki.

Akazunguka mitaa, akarudi kaskazini, akaishika Sheppard. Sheppard ina taa nyingi kuliko subira ya binadamu. Kwenye taa moja basi la mji lilisimama ubavuni mwake, na dereva, mzee mwenye kilemba cha Kisikh, akafungua dirisha lake dogo akauliza kwa Kiingereza anapika nini. Otilia akajibu harusi. Wapi? Montreal. Dereva akatikisa kichwa akasema Montreal ni mbali, na kwa njia hii ni mbali zaidi. Taa ikageuka kijani. Otilia alicheka kwa vituo vitatu, kisha kicheko kikaisha, akabaki na maneno ya mwisho ya yule mzee.

Alipofika Malvern jua lilikuwa limeshapinda. Mzee Tharcisse na mkewe Sabine ni Warundi, watu wa kwanza kumfungulia Otilia mlango alipofika nchi hii na mtoto mchanga mgongoni. Mzee alikuwa ameendesha malori ya mizigo mpaka alipostaafu, na sasa goti lake la kushoto lilikuwa limetoka kupasuliwa, kwa hiyo mwezi mzima hawakuonekana kanisani wala hawakujua lolote la chai na mizigo. Walimpokea kwa vigelegele. Sabine akapakua ndizi za maharage na dagaa wa kukaanga, na alipomwona mgeni anakula polepole mno, akaanza kumchunguza.

"Umetoka Weston saa ngapi, Mama Sara?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya leo?"

Mzee Tharcisse akacheka hadi akashika goti. Otilia naye akacheka, akaeleza habari ya Mount Dennis, ya Finch, ya foleni, na kila alivyoeleza ndivyo Sabine alivyozidi kumkazia macho. Chakula kilipokwisha wakashuka wote chini kuiona pikipiki, Mzee nyuma na gongo lake.

Sabine akasimama mbele ya sufuria. "Yoo! Na hii ni nini?"

"Ya Mama Aurore. Dada yake anaoza binti, Montreal."

"Anaoza kwa nani? Si kwa yule kijana mrefu, fundi wa meno? Mama Sara, huyo ni mtoto wa dada yangu! Arusi hiyo sisi ndiyo tunaokwenda. Tunaondoka Alhamisi, na van iko tupu kabisa." Na papo hapo, bila kuomba ruhusa, akaanza kufungua kamba.

"Acha, Mama Sabine," Otilia akasema.

"Niache nini? Nitakupelekea. Na hiyo sombe inaingia kwenye friza yangu sasa hivi, angalia inavyotoa maji."

"Acha, nimeahidi." Otilia akashika mshikio wa pili wa sufuria. Sabine hakuachia wa kwake. Wakavutana, wanawake wawili wazima, majirani, wake kwa waume, wakiangalia kutoka ghorofani, na hasira iliyompanda Otilia ilikuwa kubwa kuliko sufuria yoyote. "Nimetumwa mimi! Watu wameniamini!"

"Umetumwa," Sabine akasema, akimwangalia usoni, "au umejituma?"

Otilia akaachia. Sufuria ikabaki mikononi mwa Sabine, maji ya barafu yakimdondokea miguuni. Pikipiki ikasimama pale na begi lake dogo tu, jepesi, tayari kwa safari, na hakukuwa na kitu tena cha kukaza wala cha kufunga wala nyumba nyingine ya kupitia. Akaona aibu, kisha akaona amechoka na aibu.

"Naogopa," akasema. "Naiogopa ile barabara, Mama Sabine. Mwaka jana niligeuza mlangoni, nikamdanganya mtoto. Leo nimegeuza tena, pale Keele. Ninazunguka mji tangu asubuhi kama mtu anayetafuta choo."

Hakuna aliyecheka. Sabine akaiweka sufuria chini akamshika mkono. Mzee Tharcisse akajiegemeza kwenye gongo lake, akafikiri, na aliposema alisema bila dharau yoyote.

"Mwanangu, si lazima 401. Iko barabara ya zamani ya Kingston, inapita pembeni ya ziwa, vijiji, maduka. Ni taa tu zinachelewesha. Ukiishika hiyo, leo utalala Oshawa au mbele kidogo, kesho utafika Kingston. Utafika tu. Hakuna atakayekuuliza ulipita wapi."

Ni kweli, hakuna ambaye angeuliza. Otilia aliiona ile njia nzima: nzuri, ya polepole, yenye vivuli na maduka ya aiskrimu. Angefika hadi Halifax kwa njia za namna hiyo, angerudi, na watu wangempigia makofi kanisani. Lakini kwa miaka yote ile, pale dirishani kwenye basi, si barabara hiyo aliyokuwa akiiangalia.

"Siitaki," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Naitaka ile."

"Basi tutakusindikiza," Mzee akasema, kama vile jambo limekwisha.

Kwao, kama kwetu, mgeni haachiwi mlangoni. Unatoka naye, unatembea naye, na si mwenyeji anayeamua mwisho ni wapi. Mgeni ndiye anayegeuka akasema hapa panatosha, rudini. Ghorofani Malvern watu huishia kwenye lifti, au kituo cha basi wakijitahidi sana. Sabine akapandisha sombe kwenye friza, akashuka na funguo za van, akampakia mumewe na gongo lake kiti cha mbele. Saa yake ya mkononi ilimwambia Mzee kwamba mgeni ataingia Kingston kabla ya giza, na jua litakuwa mgongoni mwake safari nzima. Kanzu na halua akaviacha Otilia kwao, akabaki na sambusa.

Wakatoka, pikipiki mbele, van nyuma inawasha taa za hatari, wanashuka na Morningside mwendo wa maziko. Magari yaliwapita kwa hasira. Kila Otilia alipotupa jicho kwenye kioo aliwaona wale wawili wameketi wima, wamevaa nyuso za kanisani. Mpaka taa za mwisho, zile zilizo kabla ya mlango wa 401, zikawasimamisha kwenye nyekundu.

Desturi ni desturi. Otilia akageuka kwenye kiti chake, akainua mkono, kiganja kwao. Hapa panatosha. Sabine akapiga honi mbili kuonyesha amesikia. Otilia akageuka mbele, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mtu wa kumpitia wala wa kumngoja. Taa ikawaka kijani, naye akaingia.

Njia ya kuingilia ilipinda kulia ikateremka. Akaongeza mafuta. Malori yakajitokeza upande wa kushoto, marefu, yanapita mfululizo kama asubuhi, na sauti yake ikampanda miguuni kama asubuhi, na mikono ikaanza kuwa migumu. Akatupa jicho kwenye kioo kutafuta nafasi.

Van ilikuwa nyuma yake.

Walikuwa wamekwama. Njia waliyosimama pale kwenye taa haikwenda kwingine isipokuwa 401, na nyuma yao kulikuwa na msururu wa magari. Mzee Tharcisse alikuwa ametoa mkono wote nje ya dirisha, mkono wa dereva wa malori, anaupunga mbele: nenda, nenda, iko nafasi! Sabine alikuwa anamfokea mumewe huku ameukumbatia usukani, na taa za hatari bado zinametameta. Otilia akapasuka kwa kicheko. Alicheka kwa tumbo lote, na alipokuwa akicheka nafasi ikafunguka nyuma ya lori jeupe, na pikipiki ikaingia ndani yake bila kuombewa.

Wakaenda hivyo. Kwenye mlango wa kwanza wa kutokea Sabine hakutoka, maana ilionekana Mzee ananyoosha kidole upande huu na yeye anakataa upande ule. Upepo ulikuwa mkubwa, ulimsukuma Otilia kifuani, akainama kidogo, akalibana tangi kwa magoti kama alivyofundishwa. Bonde la Rouge likapita chini na miti yake ya kijani. Kisha kibao cha mji wa Pickering kikapita, na Toronto ikawa imekwisha. Hakuna aliyemtangazia, ilikwisha tu. Kwenye mlango uliofuata van ikawasha indiketa, ikapiga honi ndefu isiyo na adabu, na mkono wa Sabine ukatoka dirishani unapunga mpaka ukafichwa na ukuta.

Kwenye kioo yakabaki magari asiyoyajua. Otilia akarudisha macho mbele kulitafuta lile lori jeupe, na hakuliona. Akaangalia kioo cha kulia. Lilikuwa huko nyuma, dogo, linakuja taratibu kwenye njia ya kulia, na yeye alikuwa njia ya katikati. Hakukumbuka amelipita saa ngapi.

Alilia kidogo, hakujizuia, kisha akajizuia, kwa sababu kioo cha helmeti kilikuwa kinaingia ukungu na alihitaji kuona anakokwenda.